Swichi nazo zina udaku wao

Leo tuache programu kidogo, tuongee nyaya.

Ukipita Kibera, inua macho: juu ya mabati utaona redio ndogo nyeupe, na chini yake waya unaoingia kwenye swichi. TunapandaNET, mtandao wa kijamii wa pale Kibera, umeunganisha shule na vituo vya vijana kwa redio. Kawangware nako, watoa huduma wadogo wamevuta nyaya toka ploti hadi ploti. Swali ni hili: nani anajua waya upi unaenda wapi?

Mara nyingi ni fundi mmoja tu. Jamaa mwenye mtandao mdogo kule Gatina, Kawangware, aliniita baada ya fundi wake kwenda Qatar kutafuta riziki. Swichi 11, karatasi hakuna. Bahati nzuri, swichi zenyewe zinajuana.

Zinatumia itifaki iitwayo LLDP, iliyotolewa na IEEE mwaka 2005 kwa namba 802.1AB. (Cisco walikuwa na yao, CDP, tangu miaka ya 1990.) Kwa kawaida, kila sekunde 30 swichi hutoa salamu kwenye kila mlango: mimi naitwa fulani, huu ni mlango wangu wa 5, nikumbuke kwa sekunde 120. Aliye upande wa pili wa waya anaandika kwenye daftari lake. Muda ukiisha bila salamu nyingine, anafuta. Na anayepokea salamu haipeleki mbele. Kwa hiyo kila swichi inamjua jirani wa ukuta kwa ukuta tu, ya mtaa wa pili haiyajui.

Hapo ndipo sisi watu wa programu tunapata kazi. Hakuna swichi yenye ramani nzima, lakini ukikusanya madaftari yote, ramani inajichora. Niliandika skripti ya Python inayoingia kwenye kila swichi mara moja kwa saa, inasoma majirani na kuweka orodha.

Wiki tatu baadaye ploti mbili zikakatika, pamoja na saiba ambako watu hujaza fomu za KRA. Foleni ipo, mwenye saiba anakaribia kulia. Kwenye swichi kuu, mlango wa 3 hauna jirani hata mmoja. Nikafungua orodha ya jana: mlango huo ulikuwa na majirani WAWILI. Waya mmoja, majirani wawili, inawezekanaje?

Maana yake katikati kuna swichi bubu. Zile za bei nafuu hazina LLDP, na baadhi hupitisha salamu za wengine bila kujitaja. Kwenye ramani haipo, lakini imeacha nyayo.

Tukafuata waya. Ukapanda ngazi, ukaingia chumba cha mpangaji mmoja. Swichi ilikuwa nyuma ya kabati, imechomekwa kwenye stima yake, na tokeni zimeisha! Mama mwenye chumba akatuambia, "Kijana, fundi alikuwa ananitumia kitu kidogo kwa M-Pesa kila mwezi. Tangu aende sijaona kitu."

Jamaa akaomba radhi, akanunua tokeni, na taa za kijani zikarudi. Siku hiyo hiyo niliongeza safu tatu kwenye ramani: chumba cha nani, stima ya nani, analipwa ngapi. Hayo hakuna itifaki itakayokutangazia, na ndiyo yaliyozima ploti mbili.

Tahadhari moja. Salamu hizi husomwa na yeyote aliyechomeka waya, na hutaja hata aina ya kifaa na toleo la programu yake. Mwaka 2020 kampuni ya Armis ilifichua udhaifu tano kwenye CDP, zikaitwa CDPwn. Basi zima salamu kwenye milango ya wateja, ziache kati ya swichi zako tu.

Unataka kujaribu? Kwenye Linux weka lldpd, subiri nusu dakika, kisha andika lldpctl. Mwenye MikroTik afungue Winbox, aangalie Neighbors. Huenda ukakuta jirani usiyemtarajia.

Haya, kwaherini kwa leo!