Goma: Gazi ao umeme? Jamaa moja yapima jiko la kuchagua

Mjini Goma nyumba nyingi zingali zinapika na makala. Sehemu kubwa ya makala hayo inatoka upande wa mbuga ya Virunga, na vita vikifunga njia, bei ya mfuko inapanda mara moja.

Katika mtaa wa Katoyi, mama mmoja mwalimu anaishi katika nyumba ya mbao pamoja na watu 10: bwana yake, watoto wao, na mdogo wake aliyekimbia Masisi na watoto wake. Siku za mvua mbabula inaingizwa ndani, na mtoto wa mwisho anakohoa usiku mzima. Ndipo wakaamua kutafuta jiko lingine.

Bwana alipendelea plaki ya induksioni. Haina moto wala moshi; nguvu ya sumaku inapasha sufuria yenyewe. Mama akachukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, akaigusisha kwenye sufuria zake. Hata moja haikushika. Zote ni za alumini, na plaki hiyo haiwezi kuzipasha.

“Na umeme ukikatika, dada?” mdogo wake akauliza. Hakuna aliyejibu. Sehemu ya umeme wa Goma inatoka Matebe, huko Rutshuru, na waya unapita mahali palipopiganwa vita. Januari 2025 mji ulikaa siku kadhaa bila umeme, na maji pia yakakosekana.

Ikabaki gazi. Inakubali sufuria yoyote, lakini chupa inajazwa kwa pesa nyingi mara moja, wakati makala inanunuliwa kidogo kidogo kila siku. Tena gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, kama vile mazuku inavyojikusanya mabondeni. Na watoto waliokimbia Masisi wanalala chini, kwenye mikeka.

Basi walinunua chupa ndogo na kuiweka nje, chini ya kibaraza. Mama anapaka maji ya sabuni kwenye mpira: povu likitokea, gazi inavuja. Kila jioni anafunga kichwa cha chupa mwenyewe. Chai, uji na sombe vinapikwa hapo. Maharagi yanalowekwa usiku, kisha yanapikwa na makala uani.

Mbabula haikuuzwa. Mdogo wake aliomba ibaki: siku ya kurudi Masisi, ndiyo atakayoweza kubeba kichwani.