Karatasi ya Sahihi

Alhamisi, 24 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Stima imepotea, ikarudi, ikapotea tena. Simu nayo haitulii: Malindi, Malindi, Malindi. Watu wanaomba Mahakama ya Rufaa iifute ile hukumu ya Machi 2022 ya Mahakama Kuu kule Malindi, iliyoita kutoa mimba haki ya msingi. Si haki ya msingi, wanasema. Turudi kwa Ibara 26(4) ya katiba na masharti yake.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kanisani ametuma vile vimikono vya maombi, mstari mzima. Katekista naye: "Sasa tusilale."

Nimefurahi? Kidogo. Halafu nikamfikiria yule mhudumu wa afya wa Ganze, mwenye kesi hiyo. Msichana anakuja akivuja damu, unamhudumia, halafu polisi hao mlangoni. 2019 hiyo. Mpaka leo kesi inamzungusha. Furaha yenyewe ikaniishia hapo hapo, glavu mkononi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mazishi ya Papa kwenye televisheni ya hoteli, hapa Chaka, Nyeri. Watu wanatafuna mbuzi choma huku wanafuta macho. Chaka hii!

Katekista akaja kuketi nami. Ana wazo. Bunge la kaunti lipitishe sheria: hospitali zote za Nyeri, marufuku kabisa kutoa mimba, hata kile kipengele cha katiba cha afya ya mama kisitumike. Nikamwambia korti itaitupa. "Ndiyo maana naitaka, sista. Tushtakiwe. Twende mpaka Mahakama ya Juu. Mississippi kule Marekani walianza hivyo hivyo."

Ni kweli, walianza hivyo. Sheria ya kukataza kutoa mimba baada ya wiki 15, mwaka 2018. Juni 2022 hukumu ya Roe ya 1973, iliyoilinda haki hiyo, ikaanguka nchi nzima. Sikuwa na jibu. Huyu mzee anasoma kuliko sisi wenye vyeti. Nimelipa chai, nimeondoka.

Jumatatu, 28 Aprili, zamu ya usiku

Jibu limenijia saa nane usiku, wodi kimya.

Kule kila jimbo lina sheria yake ya jinai. Hapa Kanuni ya Adhabu ni moja, Lodwar mpaka Lunga Lunga. Kifungu 158, anayetoa, miaka 14. 159, mwanamke mwenyewe, 7. 160, anayempa dawa, 3. Iko hivyo tangu wakoloni. Kaunti imepewa zahanati na hospitali, haikupewa makosa ya jinai. Marufuku ya Nyeri itaongeza nini juu ya hapo? Kesi. Kesi tu.

Na kesi zinajulikana zinavyokwenda. Desemba 2013, barua ya wizara: miongozo ya 2012 ya kutoa mimba kwa usalama imeondolewa. Februari 2014, nyingine: hakuna kuwafundisha wahudumu, hakuna tembe zake. Waliona wamemaliza. FIDA, wale wanasheria wanawake, wakaenda kortini pamoja na mama wa binti wa Kisii aliyebakwa, akaumizwa na utoaji mimba usio salama. Juni 2019, majaji watano: barua zote mbili batili. Afya ni ya mwili na ya akili pia. Aliyebakwa, mhudumu akiona afya yake iko hatarini, anaweza kusaidiwa. Mama alipwe milioni 3.

Bila zile barua, hukumu hiyo ingetoka wapi? Waliotaka kufunga ndio waliowapeleka majaji mlangoni. Na waliotaka kufungua kabisa, kule Malindi, wanafuatwa na rufaa. Kila anayekimbilia kortini kumaliza maneno anayaongeza.

Binti mwenyewe hakuisikia hukumu. Figo. 2018.

Jumatano, 30 Aprili

Msichana. Sketi ya shule, leso juu yake. Joto 39.4. Hasemi. Harufu unaijua kabla hujauliza swali. Mama yake hakuuliza kama mtoto atapona. Aliuliza kama jina litaandikwa kwenye kitabu.

Dripu, antibiotiki, ambulensi ya kwenda mjini, mvua ikizidi. Kwenye rejista: mimba imeharibika. Kwenye safu ya sababu kalamu ilisimama. Nikamkumbuka Tali, muuguzi kama mimi, aliyeshtakiwa kwa mauaji kwa mambo haya haya ya mimba. Hukumu ya kifo, 2014. Rufaa ikamwachilia 2017. Nikaiacha safu wazi.

Mississippi haikunijia kichwani hata kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Moshi mweupe! Papa wa Chicago! Katekista amenipigia kabla kengele hazijanyamaza. "Mmarekani, sista! Umeona?"

Nimeona. Nikamwuliza polepole: na baada ya 2022, kura huko zilikwendaje? Kansas, Agosti mwaka ule ule, wananchi walikataa kuiondoa haki hiyo kwenye katiba yao. Ohio, Novemba 2023, wakaiandika kabisa. Ohio ya watu wa kanisa! Kortini walishinda, debe likawageuka.

"Hapa hatupigi kura ya mambo hayo."

Tunapiga, katekista. Ukigusa sura ya haki ni kura ya maamuzi, Ibara 255. Na tulishapiga, Agosti 2010. Maaskofu walisimama upande wa La kwa sababu ya kipengele hiki hiki. Ndiyo ikapata asilimia 67. Hata huku kwetu.

"Huku walimfuata Kibaki."

Huenda. Lakini ndio wapiga kura tulio nao. Ukiwatisha na sheria ambayo hata korti haiikubali, siku utakapowahitaji watakumbuka hilo tu.

Akanyamaza. Kisha: "Kwa hivyo wewe unataka mimba zitolewe."

Sitaki. Nimekata simu nikitetemeka. Sitaki, na sitaki pia kuandika uongo kwenye rejista. Mbona hayo mawili hayapati nafasi kwenye mdomo mmoja?

Jumapili, 11 Mei

Siku ya akina mama. Maua, keki, hotuba ndefu. Mlima umefunguka asubuhi tu, ukajifunika.

Baada ya misa, meza chini ya hema, karatasi, kalamu imefungwa uzi isiibwe. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi. "Kwa Bunge la Kaunti ya Nyeri." Zamu yangu ikafika. Nikamwambia mwenyekiti: ongeza mstari mmoja, anayekuja akivuja damu atibiwe, na polisi wasiingizwe. Ukiuandika, nasaini sasa hivi.

"Hilo ni ombi lingine, mama."

Basi mlete hilo lingine kwanza. Kalamu nikaiweka chini. Nyuma yangu watu wakaanza kukohoa, wengine kunong'ona. Katekista alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama wa yule msichana alikuwa wa tatu nyuma yangu. Amesaini. Sikumlaumu. Angekataa mbele ya watu wote wale, wangemuuliza kwa nini.

Jioni amenipigia. Mtoto ametoka hospitali juzi. Je, dawa anaweza kunywa na maziwa? Nimemwambia maji tu, na amlete Alhamisi nimwone.