Mama Aliyebaki Gataka

Miaka ya tisini Gataka ilikuwa bado na mashamba mapana kati ya nyumba na nyumba, na mvua ikinyesha, udongo wake mweusi ulikuvua gambuti katikati ya njia. Matatu za Rongai zilituacha kwenye lami ya barabara ya Magadi. Kuingia ndani ilikuwa kazi ya miguu.

Kwenye misa ya Jumapili tulikaa pamoja na vijana waliokuwa wakisomea upadre wa kimisionari: Wakongo, Waganda, Watanzania, Wakamba. Siku za juma walisoma theolojia upande wa Langata. Jumamosi walipanda magari yanayopita Kiserian, wakateremkia Kisamis, wakafundisha dini kwenye maboma kwa Kimaasai chao kichanga, na wazee wakawasahihisha bila kuchoka. Nikiwaona, niliamini kwamba utume haukuwa tena kitu cha kuletewa kwa meli. Papa Paulo wa Sita alikuwa amesema hivyo Kampala mwaka 1969, kwamba sasa Waafrika ni wamisionari wa wenzao. Mwaka mmoja kabla yake, kule Moroto, Uganda, Askofu Sisto Mazzoldi na Padre Giovanni Marengoni walianzisha shirika la Mitume wa Yesu, la wamisionari Waafrika.

Lakini somo la wito nililipata nyumbani kwa mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo. Alikuwa mjane, muuza sukuma sokoni Rongai. Kifungua mimba wake alipomaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, alitangaza kwamba anataka kwenda utawani. Ndugu za marehemu wakaja kikao. Nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa mwandishi wa jumuiya, na sikuweza kuwachukia wazee wale. Kwetu mtoto wa kwanza hasomeshwi kwa ajili yake peke yake.

“Shemeji, ukimtoa huyu, hawa wadogo watasomeshwa na nani?” mkubwa wao aliuliza.

“Baba yao alipofariki walisomeshwa na nani?” mama akajibu, akaendelea kumimina chai.

Mahubiri ya wito husifu anayekwenda. Anayebaki hutajwa kwa haraka, au hatajwi kabisa, na mimi naona huo ni upungufu mkubwa. Johann Ludwig Krapf hukumbukwa kwa Rabai na kwa kamusi yake ya Kiswahili. Mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walizikwa Mombasa mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Molonket ole Sempele, miongoni mwa Wamaasai wa kwanza kumpokea Kristo, aliuza ng'ombe wake akasafiri hadi Marekani mwaka 1909 ili asome, arudi kuwahudumia watu wake. Mmaasai akiuza ng'ombe, ni boma zima limetoa. Maziwa ya watoto yamo katika nauli ile.

Kijana wa mama yule aliruhusiwa kwenda, akaweka nadhiri, akapewa upadre, akatumwa kusini mwa Sudan wakati wa vita. Barua zake zilibebwa mkononi na watu waliorudi kwa ndege za misaada hadi Lokichoggio, kisha zikashuka Nairobi kwa bahati. Mama hakusoma vizuri, hivyo nilimsomea mimi. Mwanawe aliandika juu ya katekista aliyetembea siku mbili kumfuata, na juu ya mtama uliokwisha. Mama aliuliza swali moja kila mara: anakula nini? Nikitafuta jibu kwenye karatasi nisilipate, alikunja barua akaiweka kwenye kopo la chumvi, akatuongoza kusali rozari kwa ajili ya watu wa kule, kwa sauti isiyotetemeka. Mpaka leo, nikisikia neno mmisionari, mama huyo ndiye ninayemwona kwanza.

Jumuiya ilichelewa kuelewa deni lake. Hatimaye tulianza kuchanga kila mwezi karo ya wadogo zake, na wanaume wakamlimia shamba zamu kwa zamu.

Kisha mdogo wa mwisho naye akasema anasikia wito. Mama alimwambia amalize shule, aezeke jiko, halafu waongee. Alimaliza, akaezeka kwa mabati mapya. Mwaka uliofuata tukakaa tena, wajomba na baba wadogo wakiwemo, tukachanga nauli ya huyu wa pili.