Hesabu na Kipimo

Chujio la chai hupitisha maji na kuzuia majani. Katika elimu ya umeme liko chujio jingine lisilo na matundu: hupitisha mawimbi ya polepole na kuzuia ya haraka. Msomaji mpenzi, lijenge kwa mikono yako, maana funzo lake ni kubwa kuliko umbo lake.

Chukua kikuza umeme kidogo kiitwacho opampu, cha namba 741, aina iliyotolewa mwaka 1968. Kina miguu minane. Betri mbili za volti 9 zikilishe: chanya mguu wa 7, hasi mguu wa 4, na mahali betri zinapoungana pawe sifuri. Unganisha mguu wa 6 na wa 2. Mawimbi yaingie mguu wa 3 kwa kupitia rezista ya kiloomu 10. Kutoka mguu huo huo, kapasita ya nanofaradi 100 iende kwenye sifuri. Wimbi la haraka huona njia nyepesi katika kapasita, likapotelea huko. La polepole huikuta njia hiyo nzito, likaendelea mpaka mguu wa 6.

Hesabu husema mpaka ni hezi 159. Ukiingiza volti 1 kwa hezi 20, hutoka karibu volti 1 nzima; kwa hezi 159, volti 0.71, kwa hezi 1,590, volti 0.1 tu.

Sasa leta jenereta ya mawimbi na osiloskopu, upime, uandike. Huenda ukaipata 0.71 kwenye hezi 145. Hapo ndipo mwanafunzi hujaribiwa: kalamu hutamani kuandika 159 ili ipate alama. Izuie. Kapasita iliyoandikwa 100, ikiruhusiwa kupotoka kwa asilimia 10, yaweza kuwa 110, na mpaka wake ni hezi 145. Chombo hakikusema uongo. Kilitoa habari ambayo hesabu haikuwa nayo.

Machujio ya jinsi hii yamo katika mashine zichorazo umeme wa moyo, ambao juu ya ngozi ni kadiri ya milivolti 1 tu. Mpaka ukishuka mno, ncha kali za mchoro hupungua, na daktari akasoma moyo usio wa mgonjwa wake. Namba iliyopambwa darasani haiui mtu. Mazoea ya kupamba namba yaweza kuua.

Hesabu ni ahadi, kipimo ni shahidi. Wakihitilafiana, usimhonge shahidi, mwulize.