Nyumba ya Wakulima ya Shottery
Karibu na Stratford, Uingereza, twaona nyumba ya wazazi wa Anne Hathaway, mke wa Shakespeare. Sehemu yake ya kale, ya karne ya 15, imebebwa na jozi za miti mikubwa iliyopinda, itokayo chini hadi kileleni mwa paa. Kuta ni fito na udongo, kama nyingi za kwetu.

Katika karne ya 19 ukoo ulilazimika kuiuza, ukabaki mpangaji. Nyumba iliwahi kugawanywa kuwa makao madogo. Lakini miti ile haigawanyiki: mmoja akiukata upande wake apate mlango, paa laweza kumwangukia jirani.

Mwaka 1892 shirika la kutunza urithi wa Shakespeare liliinunua. Mary Baker, wa ukoo uleule, akabaki humo akiwaonyesha wageni vyumba.