Masomo Yalipohamia Jikoni

Tulipoanza kuwasomesha watoto wetu nyumbani, sebule ya nyumba yetu ya kupanga kule Ongata Rongai iligeuka shule kamili. Mume wangu alimwita seremala akatutengenezea meza ndefu iliyogawanywa kwa mbao, kila mtoto akawa na kijumba chake kinachotazama ukuta. Ndivyo unavyotaka mfumo wa Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas mwaka 1970 na Donald Howard na mkewe Esther, na ndio uliotumiwa na familia za Kikristo zilizotutangulia katika jambo hili. Kijumba kile huitwa ofisi. Mtoto akikwama haiti wala haondoki. Anachomeka bendera ndogo juu ya ubao na kungoja afikiwe. Masomo yamo katika vijitabu, 12 kwa mwaka kwa kila somo, na mtihani wa kila kijitabu una alama ya kupita ya asilimia 80.

Nayaeleza hayo kwa shukrani. Mimi nilikuwa karani, sikusomea ualimu, na vijitabu vile vilinishika mkono. Kilichonigusa zaidi ni utaratibu wa mtoto kujisahihisha. Kitabu cha majibu kimewekwa mezani, mama yuko jikoni, na mtoto wa miaka minane ana kalamu nyekundu mkononi. Anaona amekosa. Hakuna anayemtazama. Siku moja nilimkuta kifungua mimba wetu amesimama pale muda mrefu, halafu akaweka alama ya kosa kwenye jibu lake mwenyewe na kurudi ofisini kwake bila kusema neno. Sijui somo la uaminifu linaloweza kufundishwa vizuri kuliko hivyo.

Tuliingia katika maisha haya kwa sababu ya muda. Kijana huyo alipokuwa chekechea, basi la shule lilimchukua kabla ya jua kuchomoza na kumrudisha magharibi amesinzia. Tulikuwa tunamlea Jumamosi na Jumapili tu. Nasi tulikuwa tumesoma mara nyingi, katika sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati, jinsi Musa anavyowaagiza wazazi wawafundishe watoto amri za Mungu katika kila saa ya siku, tangu kuamka hadi kulala, nyumbani na safarini. Agizo hilo linahitaji mtoto awepo. Mtoto wetu hakuwepo. Tukaamua awepo.

Mambo yalibadilika tulipohamia Wundanyi. Mama mkwe alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga, mume wangu akapata uhamisho wa kikazi hadi Voi, tukapanda milima ya Taita na vyombo vyetu vyote kwenye lori. Meza ile ndefu haikupita mlangoni kwa mama. Ikabaki barazani, akaanza kuanikia maharagwe juu yake, na vitabu vikahamia kwenye meza ya jikoni kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo.

Jikoni kwa mama mkwe hakuna anayetazama ukuta. Yeye mwenyewe hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga, na ungo wa maharagwe mapajani. Siku za mwanzo aliwaacha watoto wasome kimya. Halafu akachoka na kile kimya.

"Umesoma nini hapo, mjukuu wangu?"

"Habari za Yusufu, nyanya."

"Basi nisimulie. Macho yangu hayaoni tena maandishi hayo madogo."

Binti yetu akaanza kusimulia: kanzu, ndoto, kisima, wafanyabiashara waendao Misri. Mama mkwe akamkatiza. "Ngoja kwanza. Yusufu alikuwa mtoto wa kiume wa ngapi kwa baba yake?" Binti hakujua. Akafungua Biblia, akahesabu kwa vidole kuanzia Reubeni, na kurudi na jibu kwamba ni wa 11. "Ehe! Ndugu kumi wakubwa, na kanzu anapewa yeye. Sasa nimeelewa ile hasira. Endelea."

Tangu siku hiyo kila kilichosomwa kilisimuliwa. Mama mkwe hakuwa anajua kwamba kule Uingereza mwalimu mmoja, Charlotte Mason, alikuwa amejenga elimu nzima juu ya jambo hilohilo. Rafiki yangu aliniazima kitabu cha Mason, *Home Education*, kilichochapishwa mwaka 1886, nikakisoma usiku baada ya watoto kulala. Mason anataka mtoto asomewe habari mara moja tu, kisha aisimulie kwa maneno yake. Anataka vipindi viwe vifupi, na mtoto mdogo atumie saa nyingi nje akitazama miti, wadudu na mawingu. Nilipofika katikati ya kitabu nilikiweka chini nikacheka kwa furaha. Mambo hayo nilikuwa nikiyaona kila siku pale mlangoni, kwa mwanamke aliyeishia darasa la nne.

Vijitabu hatukuvitupa. Hesabu na Kiingereza viliendelea asubuhi, kwa saa moja na nusu hivi. Yaliyobaki yalichukuliwa na siku yenyewe. Siku ya soko binti yetu alikwenda na nyanya yake kuuza parachichi na mboga, na kununua maharagwe kwa gorogoro. Alijifunza mapema kwamba kuna gorogoro lililobonyezwa chini ili lipunje, akawa analigeuza na kulichungulia kabla ya kukubali bei. Tulimpa daftari la mapato na matumizi, pamoja na gharama ya kutuma pesa kwa M-Pesa, ambayo ilimkera sana. Asilimia ambazo nilihangaika naye Rongai zilimwingia kichwani kwa wiki chache, kwa kuwa faida ilikuwa yake.

Msitu wa Ngangao uko karibu. Tulikwenda huko na madaftari ya kuchora, na hapo ndipo watoto walipomwona ndege wa ardhini mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, akipekua majani makavu chini ya miti. Ni ndege wa Taita, haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa katika mabaki ya misitu ya milima hii, na wataalamu wamemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kitinda mimba aliuliza kama Mungu anajua wamebaki wangapi. Baba yake alimjibu kwamba anajua, na kwamba ndiyo maana sisi hatuna ruhusa ya kutojali. Jioni hiyo ndege yule aliombewa kwa dhati pamoja na wagonjwa wa mtaa.

Imani nayo ilibadilika namna yake ya kufundishwa. Zamani ilikuwa na kipindi: mstari wa kukariri, maswali, alama. Mistari bado tunaikariri, na nyimbo za Tenzi za Rohoni watoto wanazijua bila kitabu. Lakini mama mkwe, alipoweza kutembea tena kwa mkongojo, hakukubali kwenda kuwatazama wagonjwa bila mjukuu. Mmoja alibeba uji, mwingine Biblia. Wakati wa kurudi ndipo maswali yalipokuja. Kifungua mimba, akiwa na kuni begani, aliniuliza kwa nini tumemwombea mzee fulani mwaka mzima na bado anaumwa. Sikuwa na jibu la haraka. Tulipanda ule mlima polepole tukizungumza, tukamtaja Ayubu, tukamtaja Paulo na mwiba wake, na tulipofika juu nilimwambia kwamba hata mimi swali hilo nalibeba. Swali la namna hiyo halina kijitabu, na lisingezaliwa ofisini.

Si kila mtu alituelewa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na sisi tunaosomesha nyumbani tumekuwa tukiishi pembezoni mwa sheria hiyo. Afisa mmoja wa serikali alikuja kutuuliza. Alikaribishwa chai, akaonyeshwa madaftari, akamwomba binti amsomee ukurasa wa gazeti, kisha akaondoka kwa amani. Nilimheshimu kwa kuja. Wapo watoto wanaofichwa nyumbani ili wachunge mbuzi au waozwe, na serikali isiyouliza haiwalindi. Ninachotamani ni utaratibu ulio wazi, mzazi ajiandikishe, akaguliwe, na mtoto apimwe, ili wanaofundisha wajulikane na wanaoficha wapatikane.

Kisha ikaja Machi 2020 na shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona. Majirani waliokuwa wakinitazama kwa huruma walianza kuja kuniuliza. Walikuwa na masomo ya redioni, walikuwa na karatasi zilizotumwa kwa simu, na walikuwa na watoto waliokwishachoka. Mama mmoja alilia jikoni kwangu. Nilimwambia ampeleke mtoto shambani asubuhi, jioni amwombe asome ukurasa mmoja na ausimulie, na asimpigie kengele. Shule zilipofunguliwa zote Januari 2021, watoto wao walirudi darasani, na hivyo ndivyo ilivyofaa kwao. Jambo lililobaki ni kwamba baadhi ya mama hao mpaka leo husimuliwa na watoto wao jioni.

Kifungua mimba alipokaribia umri wa mitihani, ratiba ilirudi ukutani. Kemia haijifunzwi kwa kuanika maharagwe. Tulimpata mwalimu mstaafu wa sayansi, tukabana matumizi ili tumlipe, na kijana akafanya mitihani ya IGCSE Mombasa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miaka miwili ile ilikuwa migumu, na aliipenda. Alisema alikuwa ameshashiba nje, sasa anaweza kukaa.

Binti sasa ana kazi nyingine. Mama mkwe ni mzaliwa wa Kasigau. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwahamisha watu wa huko kwa nguvu hadi Malindi wakidai kwamba waliwasaidia Wajerumani, na wengi walifia ugenini. Mama yake alikuwa msichana katika msafara huo. Habari hizi mama mkwe alizitoa kidogo kidogo, akichambua maharagwe, wakati watoto wakisoma habari za Israeli kupelekwa uhamishoni. Binti aliacha kusoma akamwuliza: "Kwa hiyo hata sisi tuna Babeli yetu, nyanya?"

Ameanza kuziandika. Kila Alhamisi anamsomea nyanya yake alichokiandika, naye anasahihisha: majina ya koo, njia waliyopita, nani alizikwa wapi. Sura ya tatu imekataliwa yote kwa sababu binti aliwafanya wazee wazungumze Kiswahili mahali ambapo lazima walizungumza Kikasigau. Desemba tutakwenda wote Kasigau kuwauliza wazee waliobaki, na kitinda mimba amepewa jukumu la kuchora ramani.