Fulana ya Pedro

Leo nina la kuungama.

Nikiwa kidato cha pili Moshi, mwaka 2013, mama alinitolea fulana kwenye belo alilokuwa amefungua siku hiyo pale sokoni Memorial. Ilikuwa nyeupe, shingo na ncha za mikono nyekundu, na kifuani imeandikwa kwa Kiingereza: Mpigie kura Pedro. Pedro ni nani? Mama hakujua, nami sikujua. Tukakubaliana kwamba lazima ni mgombea wa huko kwao. Ilinipwaya, lakini niliivaa miaka mitano.

Nikafika nayo hadi chuo, Dar es Salaam. Siku moja mwishoni mwa 2018 jirani yangu wa hosteli, kijana aliyekulia Mikocheni, akanisimamisha kwenye korido. "Oya mwana, hiyo orijino umeitoa wapi?" Hakuna aliyewahi kuionea wivu nguo yangu kabla ya hapo. Nikamjibu kwamba mjomba kanitumia kutoka Marekani.

Ndugu msomaji, sina mjomba Marekani.

Usiku ule akanialika tuitazame filamu yenyewe kwenye laptop yake. Inaitwa Napoleon Dynamite. Jared Hess aliitengeneza kwa dola 400,000 tu katika mji mdogo wa Preston, jimbo la Idaho, na ilipotoka mwaka 2004 ikaingiza zaidi ya dola milioni 40. Hakuna kufukuzana kwa magari. Kuna kijana mrefu mwenye miwani mikubwa na mabuti ya theluji, anayechekwa na shule nzima, na rafiki yake mgeni kutoka Meksiko, Pedro, anayegombea urais wa wanafunzi. Wapo wanaoizima baada ya dakika 20, na wapo walioikariri neno kwa neno.

Jirani yangu ndiye aliyenieleza habari za mahipsta. Neno lenyewe ni la miaka ya 1940, la wapenzi wa jazi, lakini miaka ya 2000 lilirudi na vijana wa mitaa kama Williamsburg kule Brooklyn: wasomi wanaonunua nguo kuukuu kwa makusudi, wanaovaa miwani ya babu na kupenda kitu mradi wengi hawajakijua. Fulana ya Pedro waliivaa. Kisha ikaanza kuuzwa kila duka, na kitu kikishafika kila duka hipsta hana haja nacho tena. Nguo iliyochokwa kule inatolewa msaada, inafungwa kwenye belo, inapanda meli, na siku moja mama yangu anakata kamba.

Usiku huo sikulala vizuri. Kijana wa Brooklyn analipa ili aonekane hana kitu, nami nilikuwa nimedanganya ili nionekane ninacho.

Na kwenye filamu Napoleon hana habari na hayo yote. Karibu na mwisho anapanda jukwaani na fulana ile ile, anacheza peke yake mbele ya shule nzima, kwa sababu kampeni ya rafiki yake imekwama. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa namfikiria mama. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye yale mabelo, na nilikuwa nimemfuta kwa sentensi moja kwenye korido.

Ilinichukua wiki mbili kumwambia jirani ukweli. Nilijiandaa kuchekwa. Akaniuliza kama mama ana nyingine, saizi ya kati.

Jioni hiyo nikampigia mama, nikamwamkia, nikamsimulia yote, hata ule uongo wa mjomba. Akakaa kimya kidogo.

"Sasa huyo Pedro alishinda?"

"Alishinda, mama."

"Afadhali. Maana umemfanyia kampeni miaka mitano."